Kufuli la Pini Sita

Baba yangu mdogo hajui kukaa. Niliishi kwake miaka miwili nilipokuwa chuo, na sikumbuki hata siku moja aliyomaliza kikombe cha chai akiwa juu ya kiti. Anakunywa amesimama, anakula akizunguka meza, anaongea na simu akitoka mlangoni kwenda dirishani na kurudi. Mama mdogo, mkewe, alikuwa akimwambia, "Wewe ukifa itabidi tukuzike umesimama." Naye hujibu, "Basi chimbeni kirefu."

Ni fundi kufuli. Kibanda chake kiko kwenye kona, kati ya duka la vioo na posta. Ndani kuna jiliwa la kubania vyuma, mashine ya kuchonga funguo, tupa za kila ukubwa, na ubao wa funguo mbichi ambazo hazijachongwa, zikitikisika kila lori likipita. Watu wanamwita Fundi tu. Ukifungiwa nje, ukipoteza ufunguo wa sanduku, ukihamia nyumba na humwamini aliyekaa humo kabla yako, unamfuata yeye. Nimewahi kumwona akifungua kitasa cha mlango huku akimhadithia mwenye nyumba habari za mpira, macho yako kwa mwenye nyumba, vidole vinafanya vyao.

Huyohuyo, nyumbani kwake, alikuwa anaishi na kufuli moja lililomtoa roho kila siku. Lilikuwa kwenye mlango wa jiko lake mwenyewe. Alilifunga yeye asubuhi, na alitoka kibandani mara mbili au tatu kwa siku kuja kulishika tu, kuhakikisha limeshika.

Alimfungia mwanawe wa pekee, binti wa miaka tisa tuliyemwita Chiriku kwa jinsi asivyonyamaza.

Chiriku alizaliwa mlegevu kama kitambaa kilicholowa. Hakulia, na hakuweza kunyonya. Mama mdogo alikamua maziwa akamnywesha kwa kijiko, tone kwa tone, miezi mingi. "Nilikuwa namwomba," aliniambia siku moja tukikunja nguo. "Mtoto mchanga, namwomba kama namwomba mkubwa: kunywa, mama, moja tu. Kama ningejua kitakachokuja ningenyamaza." Kilichokuja ni kwamba alipofika miaka mitatu na nusu, Chiriku alianza kuomba chakula, na hakuacha tena. Akipewa sahani moja alitaka ya pili, na ya pili haikumfikisha popote. Alikula unga mbichi. Alikula chakula cha paka wa jirani. Alifukua pipa la taka, akakutwa amekaa chini anatafuna maganda, kimya, kama mtu aliye kazini.

Waliitwa wazazi walioshindwa kumlea mtoto. Kisha wakakutana na daktari mmoja kijana, mwanamke, ambaye hakuwagombeza. Alitazama mikono midogo ya mtoto, akauliza alivyonyonya alipozaliwa, akachukua damu akaituma nchi nyingine. Majibu yalikaa wiki nane. Baba mdogo amenisimulia siku ya majibu mara nyingi mno, naweza kuisimulia kana kwamba nilikuwepo.

Daktari aliwaambia hivi. Kila mtu ana nakala mbili za maelekezo ya mwili wake, moja ya mama, moja ya baba. Sehemu kubwa ya maelekezo hayo mwili unaisoma kwenye nakala zote mbili, haujali nani kaleta. Lakini yapo machache ambayo mwili umeyawekea alama. Hapa soma ya baba tu, ya mama inyamaze. Pale soma ya mama tu, ya baba inyamaze. Alama hizo hubandikwa tangu mbegu na yai vinapotengenezwa. Kwenye kromosomu ya kumi na tano kuna kipande ambacho cha baba ndicho kinachosomwa. Kwa Chiriku, kipande hicho cha baba hakipo. Kilidondoka. Ndiyo maana sehemu ya ubongo inayomwambia mtu "umeshiba" haijawahi kumwambia yeye.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema baba mdogo. Alikuwa amesimama, kama kawaida.

"Si wewe, baba. Hukufanya kitu, na damu yako tumeipima, wewe ni mzima. Ni ajali iliyotokea mbegu moja ilipokuwa inatengenezwa. Ingeweza kumpata yeyote."

"Na ile ya mama yake?"

"Ipo. Nzima kabisa."

"Ipo, nzima, lakini imefungwa."

"Unaweza kusema hivyo."

"Sasa daktari, si muifungue?"

Daktari alicheka kidogo, halafu akaona hakuwa anatania. Akamwambia wako watu wanaoitafuta njia hiyo usiku na mchana, lakini bado. Baba mdogo alitoka nje, akalizunguka jengo la hospitali mara nne. Mama mdogo alimhesabia kupitia dirisha.

Kwenye benchi la kliniki hiyo, mama mdogo alifahamiana na mwanamke aliyekuwa na binti wa miaka sita. Binti huyo hakuwa na neno hata moja mdomoni, na alikuwa akicheka, akipunga mikono, akicheka tena. Mwanamke alimwambia, "Wameniambia ni kipande kilekile, ila kwake kilichodondoka ni cha kwangu."

"Wa kwangu hashibi," alisema mama mdogo.

"Wa kwangu halali. Tubadilishane wiki moja?"

Walicheka mpaka muuguzi akachungulia. Tangu siku hiyo wanapigiana simu kila Jumapili.

Nilipokwenda maktaba kusoma habari za ugonjwa huo nilikuta daktari hakuwaficha kitu. Nilikuta pia jambo moja zaidi: watoto hawa ni nadra kutapika, na maumivu hawayasikii kama sisi. Wanaweza kula mpaka tumbo likapasuka, na wasilie. Nilidhani nimeleta habari mpya nyumbani. "Tunajua, Msomi," baba mdogo aliniambia. "Unadhani nakimbia kimbia kwa sababu gani?"

Chiriku hakuweza kuachwa peke yake. Mama mdogo alikuwa akifanya kazi ya udobi kwenye hoteli, hivyo baada ya shule mtoto alikwenda kibandani. Na mtoto ambaye hana kazi ya mikono aliuliza saa. "Baba, saa saba bado? Baba, bado dakika ngapi? Baba, tutakula nini?" Wateja walikuwa wanachanganyikiwa. Siku moja, ili apumue, baba yake akamtupia kufuli bovu na waya mbili. "Hebu nione kama utalifungua hili."

Lilimchukua siku tatu. La pili lilimchukua saa moja.

Watoto wa namna yake wengi ni hodari wa mafumbo ya vipande, vitabu vinasema hivyo. Chiriku alikuwa na vidole vifupi, laini, visivyo na haraka. Alifumba macho, akaingiza waya, akasikiliza kwa ncha za vidole pini za ndani, moja baada ya nyingine, zikipanda. Alipokuwa anafanya hivyo hakuuliza saa. Baba mdogo aliniambia ndiyo muda pekee aliomwona mwanawe ametulia, na yeye mwenyewe, huwezi kuamini, alikaa. Alivuta kigoda akakaa pembeni yake. Wateja wakaanza kuja na makufuli yao wakisema, "Mpe yule mdogo." Shuleni alikuwa wa mwisho. Mtaani alikuwa yule anayeokota maganda. Kibandani alikuwa fundi.

Hakuna aliyewaza kilichokuwa kinakuja. Sisi wote tuliokuwa na akili timamu, pamoja na mimi na vitabu vyangu, tulimtazama mtoto anayefungiwa jiko akifundishwa kufungua makufuli, tukapiga makofi.

Kufuli la jikoni lilikuwa la shaba, pini sita, bora kuliko yote aliyokuwa nayo. Ilikuwa Jumamosi mchana. Mama mdogo alikuwa zamu. Mwalimu mmoja alijifungia nje, akampigia simu baba mdogo, naye akaniita, "Msomi, nakuachia Chiriku nusu saa." Nikaitika. Nilikuwa na mtihani Jumatatu, nikarudi chumbani kusoma. Chiriku alikuwa ukumbini na kopo lake la makufuli mabovu, namsikia akiyagonganisha. Kwa muda fulani sikuyasikia, nikafurahi kwamba ametulia.

Baba mdogo alirudi, akapita kushika kufuli kama kawaida yake, mkono ukabaki hapohapo. Lilikuwa limefungwa. Lakini tundu la ufunguo lilikuwa limetazama ukutani. Yeye hulifunga tundu likitazama nje, miaka yote, kama unavyovaa saa mkono uleule.

"Nani kafungua hapa?"

"Hakuna mtu," nilisema.

Alifungua. Sufuria ya maharage ya siku mbili ilikuwa imekombwa mpaka inang'aa. Mkate mzima haukuwepo. Mfuko wa mchele ulikuwa umetobolewa, na mchele umeliwa mbichi. Chiriku alikuwa amekaa ukumbini na kopo lake, anatutazama kwa upole, tumbo limekaza kama ngozi ya ngoma.

"Unaumwa?" baba yake alimuuliza.

"Hapana. Saa kumi na mbili bado dakika ngapi?"

Alimbeba mgongoni akakimbia. Sikuwahi kumwona mtu wa umri wake akikimbia vile na mzigo ule. Nilimfuata na viatu vya mtoto mkononi.

Hospitalini walimwingiza bomba puani, wakamtoa walichoweza, wakamlaza siku tatu wakimpima tumbo kila baada ya saa moja. Daktari wa zamu alisema tungechelewa mpaka jioni angekuwa anazungumza nasi habari nyingine. Mama mdogo alifika na aproni ya dobi bado kiunoni. Daktari akauliza, ili aandike kwenye faili, "Nani alimfungulia jiko?"

"Mimi," alisema Chiriku, na bomba lake puani. "La pini sita."

Nikamwona baba mdogo. Ilikuwa sekunde moja tu, pembe ya mdomo ilipanda. Mama mdogo naye alimwona.

Ugomvi ulifanyikia kwenye korido, kwa sauti za chini, watu wakipishana na vitanda.

"Umecheka."

"Sijacheka."

"Baba Chiriku, nimekuona kwa macho yangu. Mtoto ana bomba puani, wewe unaona fahari!"

"Sikuona fahari. Nili... Sijui ilikuwa nini."

"Mwanangu nimemlisha kwa kijiko mpaka akaishi. Wewe umemfundisha kujiua. Asishike kufuli tena. Sitaki kumwona na waya, sitaki kumwona kibandani. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

Hapo ndipo alipofika jirani yetu, mshonaji mjane tuliyemwita Mama Mishono, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. Alikuwa na mfuko. Ndani ya mfuko kulikuwa na maandazi.

"Nimemletea mgonjwa," alisema. "Na leo nitasema, mnisamehe. Mtoto hafungiwi chakula! Mimi nampa kipande cha mkate kila akipita dirishani kwangu, kwa sababu nyinyi mna mkono wa birika. Mtaa mzima unajua."

Miaka yote ile baba mdogo alikuwa ameacha watu waamini hivyo. Aliona ni afadhali kuitwa bahili kuliko mwanawe kuitwa majina mengine. Siku hiyo alichoka. Alimwambia yote, kuanzia kijiko cha maziwa hadi kipande kilichodondoka, akitembea hatua tatu huku, hatua tatu kule. Mama Mishono alimfuata kwa shingo.

"Kwa hiyo hashibi? Hata akila vipi?"

"Hata akila mpaka afe."

Alikaa chini kwenye benchi. Akautazama mfuko wake kama umemtukana. "Na mimi nimempa miaka minne," alisema. Sauti yake, kwa mara ya kwanza, haikufika hata mwisho wa korido.

Chiriku alirudi nyumbani. Mama mdogo alichukua kopo la makufuli akalipeleka kazini kwake. Baba mdogo alifunga mlango wa jiko kwa makufuli matatu, moja la namba, na sasa alikuwa anarudi nyumbani mara tano kwa siku, wateja wanamsubiri kwenye kona wanalaani. Chiriku alikaa mbele ya mlango ule. Hakuugusa. Aliutazama tu, kama mwanafunzi anavyotazama ubao. Na kwa sababu mikono haikuwa na kazi, alianza kujikwaruza. Alibandua ngozi mgongoni mwa mkono mpaka ukawa kidonda, tukafunga bandeji, akahamia mkono wa pili. "Tunaenda kibandani saa ngapi?" aliuliza. Kwa siku mbili nilihesabu kimoyomoyo, nikaacha nilipofika mia.

"Mnaona?" alisema baba mdogo. "Tumemnyang'anya kitu kimoja alichonacho."

"Nimemnyang'anya au nimemwokoa?" aliuliza mkewe.

"Vyote viwili, Mama Chiriku. Sasa tufanyeje?"

Mama mdogo alikuwa anambadilisha mtoto bandeji. Chiriku, mkono ukiwa hewani, alikuwa anautazama mlango, na midomo yake ilikuwa inacheza. Mama mdogo alisogeza sikio. Kisha akainuka.

"Unajua anafanya nini? Anahesabu. Kila kufuli ukileta yeye analiona ni mtihani, na nyuma ya mtihani kuna chakula. Hata asipofungua, anajua kipo. Mtoto hawezi kupumzika na kitu kiko nyuma ya ubao tu." Akageukia mlango. "Kisiwepo."

"Kisiwepo nini?"

"Chakula. Kisiwepo humu ndani kabisa."

Alikwenda kwa Mama Mishono akiwa bado na mkasi wa bandeji mkononi. Niliwasikia kupitia dirisha.

"Mwenzangu, nakuomba jiko lako."

"Lichukue. Kwanza mimi napika nini, mjane, yai moja!"

"Lakini na kwako atafungua. Anafungua kila kitu."

"Atafungua nini? Mlangoni nimekaa mimi, na cherehani mbele yangu, asubuhi mpaka jioni. Mimi si kufuli, shoga yangu. Nijaribu uone kama nina pini."

Siku hiyohiyo tulihamisha. Mifuko ya unga na mchele, sufuria, jiko lenyewe, chumvi, hata vitunguu vilivyoota. Tuliosha rafu kwa maji ya moto ili isibaki harufu. Mama mdogo aliandika saa za kula kwenye karatasi akaibandika ukutani: saa moja, saa nne, saa saba, saa kumi, saa kumi na mbili. Kila kitu kingepikwa upande wa pili na kuletwa kwenye sahani, kwa saa, na sahani kurudi. Baba mdogo akafungua makufuli yote matatu, akaung'oa mlango wa jiko kwenye bawaba.

Chiriku aliingia. Alikagua kila rafu kwa kiganja. Alipiga magoti akatazama chini ya karo la kuoshea vyombo. Alinusa kabati. Ilimchukua kama nusu saa, na hakuna aliyemkataza.

"Hakuna," alisema.

"Hakuna," baba yake alikubali.

"Kesho je?"

"Na kesho hakuna. Kiko kwa Mama Mishono, kinakuja saa saba."

Aliuliza hivyo hivyo siku nne, kutwa nzima. Siku ya tano aliuliza mara moja. Wiki ya tatu vidonda vilianza kufunga, na mama mdogo alirudi kutoka kazini na kopo la makufuli kwenye pochi. Aliliweka mezani. Mumewe alilitazama, akamtazama yeye.

"Usinishukuru," alisema mama mdogo. "Na usiniletee tena lile la pini sita."

Sitaki kusema kwamba mambo yalitulia. Jirani wa pili alimpa ndizi, ikabidi baba mdogo azunguke nyumba zote za mtaa akieleza, mlango kwa mlango, jambo alilokuwa akilikwepa miaka yote ile. Wengine walielewa. Mmoja alimwambia mtoto anahitaji viboko. Shule ilibidi ieleweshwe mara tatu, kila mwalimu mpya upya. Na baba mdogo bado anakunywa chai amesimama.

Mara ya mwisho nilipokwenda kuwasalimu nilipitia kibandani. Chiriku alikuwa ametimiza miaka kumi na miwili, ana aproni yake ndogo na jiliwa lake. Niliona baba mdogo ameongeza swali ambalo zamani hakuwa nalo. Kila mteja akileta kufuli, kabla hajalipokea, anamuuliza, "Linafunga nini?" Mmoja alisema sanduku la nguo, akalisukuma kwa binti yake. Mwingine alisema baiskeli, akalisukuma. Kisha akaja mzee aliyejaa vumbi jeupe mpaka kwenye nyusi.

"Linafunga nini?"

"Stoo. Mimi ni mwoka mikate, Fundi, pale nyuma."

Baba mdogo alilichukua mwenyewe. Akageuka, akatupa mgongo, akalifanyia kazi kwenye kona ya kibanda ambako taa haifiki vizuri. Chiriku aliacha alichokuwa anafanya.

"Baba, kwa nini hilo hunipi?"

Mzee wa mikate alitabasamu, akitegemea utani. Baba mdogo alisimama na kufuli mkononi. Nilimwona akitafuta uongo, kisha akiuacha.

"Kwa sababu nyuma yake kuna mkate."

Chiriku alifikiri. Vidole vyake vilikuwa vimeshafumbata waya zake mbili. Akaziweka chini, moja, halafu ya pili, akazisogeza mbali kidogo na yeye.

"Ndiyo," alisema. "Usinipe."

Halafu akauliza saa saba bado dakika ngapi.